Al-Biruni, Mwanachuoni Aliyeyapima Mawe kwa Maji

Miongoni mwa wanavyuoni waliotukuka katika umma wa Kiislamu yumo mmoja ambaye wataalamu wa nyota, wa hesabu, wa historia na wa madini, wote humhesabu kuwa ni wao. Naye ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Katika makala hii tutayaeleza maisha yake kwa ufupi, na hasa kazi yake ya kuvitambua vito na madini, kwani ndani yake limo funzo kwa kila mwenye kuitafuta haki.

Al-Biruni alizaliwa tarehe 4 Septemba, mwaka 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, kusini ya Bahari ya Aral. Sehemu hiyo leo imo katika dola ya Uzbekistan. Hakutoka katika ukoo wenye sifa, lakini Mwenyezi Mungu alimjaalia mwalimu bora, Abu Nasr Mansur, aliyekuwa bingwa wa hesabu na mtu wa nyumba ya watawala. Mwaka 995 vita vilizuka, watawala wale wakaondolewa, na kijana huyu akalazimika kuihama nchi yake. Baada ya kutangatanga alipokewa na amiri wa Gurgan, na huko, yapata mwaka 1000, akaandika kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali.

Baadaye alirejea kwao akawa mshauri wa mfalme. Lakini mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akawachukua wanavyuoni wake, al-Biruni akiwa mmoja wao, akawapeleka katika mji wake mkuu, uliopo Afghanistan ya leo. Hakwenda kwa hiari yake. Hata hivyo hakuuacha uhamisho ule upite bure. Alijifunza lugha ya Kisanskriti, akawahoji wenye elimu wa Kihindi juu ya dini yao, na yapata mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake mashuhuri juu ya India. Katika kitabu hicho ameitaja hata Sofala ya nchi ya Wazanji, yaani pwani yetu hii ya Afrika, kwa kuwa majahazi yaliyosafiri baina ya Sofala na China yalikuwa yakitia nanga Somnath.

Ghazna ilikuwa na hazina iliyojaa vito na dhahabu. Na palipo na vito, hapakosi udanganyifu. Chukua mfano wa mawe mawili mekundu: yakuti, na laali iliyotoka milima ya Badakhshan. Kwa macho matupu mawe haya hufanana mno, ilhali bei ya yakuti ilikuwa mbali sana na ya laali. Mnunuzi alilazimika kuliamini neno la muuzaji, na muuzaji naye aliliamini neno la aliyemwuzia. Al-Biruni hakuridhika na mnyororo wa maneno namna hii. Alitaka jiwe lenyewe litoe ushahidi.

Njia aliyoitumia ilikuwa hivi. Alitengeneza chombo chenye umbo la pia, chini kipana na juu chembamba, chenye mrija ubavuni. Alikijaza maji mpaka usawa wa mrija, kisha akatumbukiza ndani yake jiwe alilokwisha kulipima uzito. Maji yaliyosukumwa na jiwe yalitoka kwa mrija na kuingia katika kitanga cha mizani, naye akayapima. Kwa kuulinganisha uzito wa jiwe na uzito wa maji yale, alijua jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule. Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini sivyo. Matone machache yakinata katika mrija, hesabu yote huharibika. Kwa hiyo aliurekebisha mrija wake mara kwa mara mpaka akaridhika.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Alikuta dhahabu ni nzito kupita maji mara 19 na zaidi kidogo, risasi mara 11 na zaidi kidogo, na chuma karibu mara 8. Katika vito, yakuti ya buluu ilikaribia mara 4, laali mara tatu na nusu hivi, na zumaridi haikufikia mara 3. Wataalamu wa zama hizi, kwa vyombo vyao vyote, wamepata hesabu zinazokaribiana mno na hizo. Mwanachuoni al-Khazini alizihifadhi katika kitabu chake cha mizani, mwaka 1121.

Wala hakutosheka na uzito peke yake. Alichunguza pia rangi, mng'aro na ugumu. Alieleza kwamba yakuti hukwaruza vito vingine, nayo haikwaruzwi ila na almasi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipopanga madaraja ya ugumu wa madini, aliweka almasi daraja la 10, na jiwe la jamii ya yakuti daraja la 9. Laali huhesabiwa daraja la 8. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza liliitwa yakuti kwa karne nyingi, kumbe ni laali! Na hata hapa Afrika Mashariki, huko Mahenge katika Tanzania, mawe haya mawili huchimbwa katika eneo moja, na anayeyatambua kwa rangi tu huweza kupata hasara.

Mambo haya aliyakusanya katika kitabu chake cha kujua vito, alichokiandika uzeeni wakati wa Sultan Mawdud, aliyetawala kuanzia mwaka 1041. Humo amesimulia jambo moja linalofaa kukumbukwa. Watu wa zama zake, na waandishi wengi kabla yao, walisadiki kwamba nyoka akiitazama zumaridi, macho yake hupofuka. Al-Biruni hakucheka wala hakubisha kwa maneno. Alichukua nyoka, akamvika zumaridi, akamtandikia zumaridi chini, akazitikisa mbele ya macho yake, katika joto na katika baridi, kwa muda wa miezi tisa. Nyoka hakupofuka. Basi akaandika hivyo, ingawa waliosema kinyume walikuwa wengi na wenye majina makubwa.

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu alikuwa mwenye shaka katika dini. Kwake yeye, kuuchunguza uumbaji kulikuwa ni njia ya kumjua Muumba. Katika kitabu hicho hicho ameonya kwamba dhahabu na fedha hazishibishi wala hazikati kiu, na kuzirundika ni kwenda kinyume cha hekima ya Mwenyezi Mungu. Husimuliwa kwamba Sultan Mas'ud alimpelekea mzigo wa fedha juu ya tembo, kuwa zawadi ya kitabu chake cha elimu ya nyota, naye akaurudisha hazina.

Alifariki Ghazna, akiwa na umri uliopita miaka 70. Yasimuliwa kwamba katika saa zake za mwisho alizuriwa na mwanasheria mmoja, naye akamwuliza swali juu ya mirathi walilopata kulizungumza zamani. Mgeni alimhurumia, akaona huo si wakati wa masomo. Al-Biruni akamjibu kwamba ni bora auage ulimwengu hali analijua jambo hilo, kuliko kuuaga hali halijui. Mgeni akamweleza, naye akayarudia maelezo mpaka akayahifadhi. Mgeni alipotoka, kabla hajafika mbali, alisikia vilio nyumbani mle.

Ndugu msomaji, duniani mawe ya bandia ni mengi, na maneno ya bandia ni mengi zaidi. Yakuti ya kweli haiogopi mizani wala maji. Vivyo hivyo haki haiogopi kuchunguzwa. Anayekukataza usipime, mwulize anauza nini.