Dk. Severo Ochoa: kimeng'enya chake kilikuwa cha kubomoa, lakini ndicho kilichofungua siri ya seli

Wadau, leo tumkumbuke Mhispania mmoja, Dk. Severo Ochoa. Alizaliwa Luarca, kaskazini mwa Hispania, Septemba 24, 1905. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipolipuka 1936, yeye na mkewe Carmen wakafungasha. Wakapita Ujerumani na Uingereza, wakaishia Marekani, na kuanzia 1942 jamaa akawa Chuo Kikuu cha New York.

Hapo, mwaka 1955, yeye na mwanamama wa Kifaransa, Marianne Grunberg-Manago, wakapata kwenye bakteria kimeng'enya kinachounga RNA ndani ya tyubu. RNA ndiyo ujumbe unaoiambia seli iunge protini gani. Watu wakaamini kitengeneza-RNA cha seli kimepatikana. 1959 Ochoa akapewa Nobel pamoja na Arthur Kornberg, aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara yake. Mama yule hakuwemo.

Kumbe bwana! Baadaye ikaonekana kuwa ndani ya seli kazi kubwa ya kimeng'enya kile ni kubomoa RNA, siyo kuijenga. Sasa tuzo ilikuwa ya bure? Hata kidogo. Kwa kimeng'enya hicho watafiti waliweza kujitungia RNA wanayoitaka. 1961 pale Bethesda, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walisaga bakteria, wakachukua maji yake yenye ribosomu, wakatia RNA ya herufi U tupu pamoja na asidi amino 20. Kila tyubu moja tu kati ya hizo ilikuwa na mionzi, ili waone ipi imeungwa. Ikatoka fenilalanini. Neno la kwanza la msimbo likasomeka.

Ochoa naye alikuwa kwenye mbio hizo, akapitwa. Nobel ya msimbo, 1968, haikuwa yake tena. Lakini hakukaa pembeni. Maabara yake ikahamia kwenye swali gumu zaidi: seli inajuaje wakati wa kuanza na wa kusimamisha kazi? Miaka ya 1970 walitumia maji ya chembe changa za damu ya sungura, wakichunguza kwa nini utengenezaji wa protini hukwama pale inapokosekana ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu.

1985 alirudi kwao. Alifariki Madrid, Novemba 1, 1993, akiwa na miaka 88.

Haya wadau, yule mama kuachwa ilikuwa haki? Tupeni maoni.