Profesa Braun: aligawa skrini bure, akafia ugenini kwa kesi ya hataza



Leo tunamweka mezani mzee ambaye jina lake halitajwi sana vijiweni, ila kazi yake wengi wetu tumeitazama usoni. Mnazikumbuka zile skrini za chogo, nzito kama debe la mahindi, zilizojaa kwenye intaneti kafe zetu miaka ya 2000? Na TV za chogo kule nyumbani? Baba yao ni Karl Ferdinand Braun, Mjerumani aliyefariki 1918. Maisha yake ni darasa tosha kwa kijana yeyote mwenye ubunifu kichwani na asiye na hela mfukoni.

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda. Alisoma Marburg na Berlin, akapata udaktari wake wa fizikia 1872. Lakini maisha hayakumnyookea hapo hapo, akaenda kufundisha sekondari mjini Leipzig. Huko huko ualimuni, mwaka 1874, akagundua kwamba baadhi ya madini yanapitisha umeme upande mmoja vizuri kuliko upande mwingine. Wakati ule watu hawakuona faida yake. Miaka mingi baadaye jambo hilo likatumika kwenye redio za mwanzo. Naam, mwalimu wa sekondari huyo!

Akapanda ngazi mpaka kuwa profesa, na kuanzia 1895 akawa mkuu wa taasisi ya fizikia ya Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani. Mwaka 1897 ndipo alipotoa ile chupa yake maarufu.

Chupa yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua kioo kirefu, unatoa hewa ndani. Upande mmoja umeme unarusha mwonzi wa elektroni, upande wa pili kuna ukuta uliopakwa dawa inayong'aa ikipigwa na mwonzi huo. Ukiweka sumaku ya umeme pembeni, mwonzi unavutwa huku na huku, na ile nukta ya mwanga inachora mbele ya macho yako jinsi umeme unavyopanda na kushuka.  Chogo la skrini za zamani ndiyo hiyo chupa, imekua tu.

Sasa sikilizeni hapa. Braun hakuikatia chupa hiyo hataza. Aliiandika kwenye jarida la kisayansi, kila kitu hadharani, ili mwenzake yeyote aweze kujitengenezea. Mwaka 1907 Mrusi Boris Rosing akaichukua kujaribu kupokea picha kwa umeme, na 1926 Mjapani Kenjiro Takayanagi akaonesha herufi moja kwenye chupa ya aina hiyo. Biashara ya TV iliyofuata ilikuwa ya mabilioni. Braun mwenyewe hakuipata hata senti.

Kwenye redio alikuwa amejifunza. Mitambo ya mwanzo ya Guglielmo Marconi ilikuwa inapiga cheche moja kwa moja kwenye antena, na nguvu nyingi ilipotea. Mwaka 1898 Braun akaja na wazo la kuiweka cheche kwenye mzunguko wake peke yake, halafu nguvu ihamie kwenye antena kupitia koili. Safari hii aliwahi kukata hataza. Mwaka 1900 mtambo wake ulipeleka ishara kutoka Cuxhaven mpaka kisiwa cha Helgoland, kama kilomita 62 juu ya bahari. Mwaka 1903 ikaundwa kampuni ya Telefunken, ikaunganisha kazi yake na ya wenzake wa Berlin. Mwaka 1909 yeye na Marconi wakagawana Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mnaweza kudhani yameisha kwa amani. Wapi!

Kampuni ya Marconi iliwashtaki Wajerumani huko Marekani kuhusu kituo cha redio cha Sayville, karibu na New York, ikidai wanatumia hataza zake. Kesi hiyo haikuwa ya hela tu. Vita Kuu ilikuwa imeanza Julai 1914 na Waingereza walikuwa wamekata nyaya za Ujerumani chini ya bahari. Redio ndiyo ilikuwa njia iliyobaki. Hata sisi huku tulionja: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliishambulia Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani.

Basi mwishoni mwa 1914 Braun, mzee wa miaka 64 na mgonjwa, akapanda meli kwenda kutoa ushahidi. Akavuka salama, ila kurudi ikashindikana. Julai 1915 Jeshi la Majini la Marekani likashika usimamizi wa kituo cha Sayville. Aprili 1917 Marekani yenyewe ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mzee akawa raia wa nchi adui. Aliishi Brooklyn kwa mwanawe mpaka alipofariki tarehe 20 Aprili 1918, vita haijaisha. Majivu yake yalirudishwa Fulda baada ya vita.

Ugomvi wa hataza za redio haukufa naye. Mwaka 1943 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilifuta sehemu kubwa ya hataza moja muhimu ya Marconi, ile ya kuoanisha mizunguko minne. Sababu? Oliver Lodge, Nikola Tesla na John Stone walikuwa wameshayaonesha mambo hayo. Stone aliomba hataza Februari 1900, Marconi akaomba Novemba mwaka huo huo. Marconi alichoongeza mahakama haikukiona kuwa uvumbuzi. Haikusema kwamba Marconi hakufanya kitu kwenye redio, hapana. Ilisema kipande kile hakikuwa chake kumiliki. Wakati huo Marconi alikuwa na miaka sita kaburini.

Hapo ndipo penye ishu yetu. Sheria yetu ya hataza ya 1987 nayo inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kifae kwa uzalishaji, na kiwe na hatua ya uvumbuzi. Hilo la tatu ndilo linaloua wengi. Maana yake, kisiwe kitu ambacho fundi wa kawaida wa fani hiyo angekifikia tu bila kuumiza kichwa.

Chukua mfano wa hapa sokoni Kibaigwa. Fundi wa kuchomelea akifunga injini ya pikipiki kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, ni kazi nzuri, itauza. Lakini mkaguzi atauliza: fundi mwingine asingefanya hivyo hivyo? Akigundua namna ya kuzuia punje zisivunjike ambayo hakuna aliyeiwaza, hapo kuna hoja.

Skrini za leo ni vivyo hivyo. Zipo ambazo ukibonyeza kitufe anayeona ni aliyekaa mbele tu, na jirani anayekupiga chabo anaona giza. Ukibonyeza tena, wote mnaona. Anayetaka hataza ya kitu kama hicho anaulizwa: kichujio cha pembe kilikuwepo, kitufe kilikuwepo, wewe umeongeza nini zaidi ya kuviunganisha?

Kwa hiyo vijana, kabla ya kumwaga wazo lako lote mtandaoni, jua kwamba ukishalitangaza upya wake unaweza kupotea. Nenda BRELA ukaulize. Na ukiamua kuligawa bure kama Braun alivyogawa chupa yake, liwe chaguo lako, lisiwe ajali.

Swali la leo: ungekuwa wewe ndiye Braun mwaka 1897, ungeikatia chupa hataza au ungeiachia dunia? Kazi kwenu, tiririkeni hapo chini.