Rumanyika I wa Karagwe

Rumanyika I Orugundu alikuwa Omukama (mfalme) wa Karagwe katika karne ya 19, wa ukoo wa Wahinda. Makao yake yalikuwa Bweranyange, leo katika wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, Tanzania. Alirithi kiti cha baba yake, Ndagara, baada ya kushindana na ndugu yake Rogero.

Wageni waliokwenda Buganda walisubiri kwake ruhusa ya kabaka. John Hanning Speke na James Grant walifika Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862, lakini Grant alizuiwa na kidonda cha mguu: Buganda haikupokea wagonjwa.

Mwaka 1876 alimfungulia Henry Morton Stanley nyumba ya hazina, yenye mikuki na sanamu za ng'ombe za madini. Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa 2019 katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ina jina lake.