Maisha ya Tabibu Robert Koch na Habari za Kinga ya Mwili

Ama baada ya kumshukuru Mola aliyeuumba mwili na kuuwekea walinzi, hii ni habari ya tabibu aliyepata kukaa katika mji wetu wa Dar es Salaam. Wasome ndugu zetu wa mjini, na wa Kinondoni na Temeke.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, nchi ya Ujerumani, mwaka 1843. Mwaka 1882 alikidhihirisha kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1890 akatoa maji yaliyotokana na vijidudu hivyo, yaitwayo tuberkulini, akidhani ni dawa. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Lakini wengi walipodungwa walishikwa na homa kali, na baadhi yao wakafa.

Sababu ni hii: mwili uliokwisha kukutana na adui humkumbuka, na pengine humpiga kwa ukali hata ukajidhuru wenyewe. Mwaka 1906 tabibu von Pirquet wa Vienna akayapa mageuzi hayo jina la aleji. Ukali huo una namna zake. Upo uamkao kwa dakika chache, kama pumu, au vipele vya mtu aliyekula asichopatana nacho. Na upo ukawiao siku mbili tatu, nao ndio wa tuberkulini.

Mwaka 1897 Koch akaja Dar es Salaam, akakaa hata 1898 akichunguza malaria. Akapata habari ya kuwa Washambaa, washukapo pwani wakaugua, huiita homa hiyo mbu. Kisha, mwaka 1899 na 1900, huko Java na New Guinea, aliona vijidudu vya malaria katika damu za watoto wengi, wala si za wakubwa. Basi ikabainika ya kuwa iko kinga ya kuzaliwa nayo, na iko kinga ichumwayo kwa kuugua. Na chanjo huifuata njia hiyo ya pili.

Koch alifariki mwaka 1910. Tuberkulini haikuponya, bali imekuwa kipimo hata leo: hutiwa kidogo ngozini, na uvimbe hupimwa baada ya saa 48 hata 72.

Basi, ewe msomaji, ukipimwa rudi siku uliyoambiwa. Na jirani yako akivimba mkono usimkimbie wala usimsingizie. Uvimbe huonyesha tu kwamba mwili umekwisha kukutana na kijidudu, au na chanjo yake. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa vipimo vingine.

Wallahu aalam.