Fumo Liyongo: Shujaa aliyebebeshwa tungo za wengi

NI vigumu kuisimulia historia ya ushairi wa Kiswahili bila kulitaja jina la Fumo Liyongo. Kuanzia Kipini, karibu na mlango wa Mto Tana, hadi Navakholo katika Kaunti ya Kakamega, mwanafunzi wa shule ya upili hukutana naye kama shujaa wa fasihi simulizi na malenga wa kale. Hata hivyo, ni tungo zipi hasa alizozitunga mwenyewe? Suala hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

Masimulizi yanamweka Liyongo katika eneo la Ozi na Shaka. Alikuwa mtu wa miraba minne, hodari wa upinde na fundi wa ngoma ya gungu. Sifa hizo zilimtia wahaka mtawala wa Pate, aliyechelea kunyang'anywa kiti, akamtia gerezani.

Mama yake, Mwana Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi walikila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo wa mafumbo, Saada akaufikisha kwa mama. Ukaokwa mkate wa wishwa, na tupa ikafichwa ndani yake. Walinzi wakaudharau. Usiku wa gungu, vishindo vya ngoma vikaimeza sauti ya tupa ikikata minyororo.

Mwishowe alisalitiwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo, akamdunga kitovuni kwa sindano ya shaba. Inasimuliwa kwamba alikata roho akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Lini aliishi? Wapo wanaomweka kabla ya karne ya 13, na wapo wanaomsogeza karibu na mwaka 1600. Alama za mwanzo katika vitabu ni za baadaye sana. Edward Steere alichapisha kisa chake pamoja na mashairi mwaka 1870. Mwaka 1913, Muhammad bin Abubakari Kijuma wa Lamu aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo. Utenzi huo unamhusu Liyongo. Haukutungwa naye, ingawa wasomaji wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Mfano mwingine ni takhmisi mashuhuri inayobeba jina lake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alichukua beti zinazonasibishwa na Liyongo, akaongeza vipande vitatu katika kila ubeti hadi vikawa vitano. Hivyo sehemu kubwa ya shairi hilo ni kazi ya kalamu yake.

Mwaka 2004, kundi la watafiti, wakiwemo Gudrun Miehe, Abdilatif Abdalla na Ahmed Sheikh Nabahany, lilichapisha mkusanyiko wa nyimbo hizo nchini Ujerumani. Jina la kitabu lilichaguliwa kwa uangalifu: ni tungo zinazonasibishwa na Liyongo, si tungo za Liyongo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Nyimbo za gungu ziliimbwa harusini na ngomani, zikapokezanwa na waimbaji ambao hakuna aliyeyaandika majina yao. Kila utungo unaotwikwa shujaa mmoja bila ushahidi huenda ukawa haki ya malenga mwingine iliyozikwa.

Ufafanuzi huo kwa muda mrefu umebaki katika makongamano na vitabu vya bei ghali. Miswada kadhaa ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, London, sasa inasomeka mtandaoni. Mihadhara ya wataalamu nayo ikiwekwa wazi vivyo hivyo, mwanafunzi wa Navakholo ataweza kumsikiliza mtafiti mwenyewe, na kujua kwamba Liyongo wa masimulizi hapungukiwi na kitu wenziwe wakirudishiwa tungo zao.