Taa za Ibn al-Haytham

Ndugu Waislamu, jina la Ibn al-Haytham tunalitaja sana kwenye mihadhara, lakini watoto wetu hawayajui aliyoyafanya kwa mikono yake. Alizaliwa Basra karibu mwaka 965. Huko Cairo, inasimuliwa, alijifanya mwendawazimu kukwepa hasira za Khalifa al-Hakim, akakaa kizuizini hadi khalifa huyo alipotoweka mwaka 1021. Mwanachuoni huyu alipanga taa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani. Akifunika moja, doa lake pekee linapotea: nuru hunyooka. Niliwafanyia wanangu kwa mishumaa mitatu na kadibodi iliyotobolewa. Ukizima wa kushoto, doa la kulia ndilo linalozimika! Shule yao haina maabara. Giza la sebuleni lilitutosha.