Padre Lemaître: Kuhani na Mwanafizikia



Simama Newala usiku, pale ukingoni Shimo la Mungu, umeme ukiwa umekatika. Nyota zimejaa mpaka upande wa Msumbiji. Swali linakuja lenyewe: hivi vyote vilianzaje? Lakini wapo wenzetu, Newala na Masasi, wanaoambiwa wachague moja: fizikia au imani. Leo tumfahamu padre aliyeshika vyote viwili.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Vita Kuu ya Kwanza ilimkatiza masomo, akaenda jeshini. Aliporudi alisoma hisabati, akaingia seminari, akapadrishwa mwaka 1923. Akaendelea na masomo Uingereza na Marekani, kisha akarudi kwao kufundisha Chuo Kikuu cha Louvain kwa miaka mingi.

Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein alizikubali hesabu zake, ila fizikia yenyewe akaikataa kabisa. Fikiria, unakataliwa na Einstein! Padre hakukata tamaa. Miaka miwili baadaye, vipimo vya Edwin Hubble vilionyesha kweli magalaksi yanazidi kuachana. Mwaka 1931 Lemaître akapendekeza kwamba vyote vilianza na kitu kidogo mno, kama atomu moja. Wazo hilo ndilo lililozaa nadharia ya Mlipuko Mkuu.

Mtihani mwingine ukatoka nyumbani. Mwaka 1951 Papa Pio XII alisema sayansi hiyo mpya inathibitisha uumbaji. Ungedhani padre wetu angeshangilia, sivyo? Wala! Alijua nadharia ya leo inaweza kurekebishwa kesho. Ukiifanya nguzo ya imani, siku ikianguka, imani nayo itayumba. Mwaka uliofuata, Papa alipokutana na wanaastronomia, hakuyarudia maneno yale. Na Lemaître alibaki mwana mwaminifu wa Kanisa: mwaka 1960 akawa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Alifariki mwaka 1966. Muda mfupi kabla, aliletewa habari kitandani: mabaki ya joto la ule mwanzo yamegunduliwa angani.

Basi ndugu yangu, kesho fungua kitabu chako cha fizikia bila woga, na Jumapili twende Misa. Mungu haogopi maswali yako. Muulize.